Safu ya Lugha: Moyo Kushindwa
Kuanzia Kayanga hadi Nkwenda, mkoani Kagera, watu wakisikia "moyo umeshindwa", wengi huelewa umesimama. Sivyo. Shindwa, mtoto wa shinda, hapa ni kutomudu: mbeba gunia la kahawa aliyeshindwa kupanda nalo mlima bado yu hai. Moyo ulioshindwa unadunda, ila hausukumi damu ya kutosha. Miguu huvimba, pumzi hubana mtu akilala chali. Moyo kusimama ni jambo jingine kabisa, na shambulio la moyo ni mshipa wake kuziba. Utafiti wa hospitali ya Muhimbili uliochapishwa 2014 ulifuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa, na chanzo kilichoongoza kilikuwa shinikizo la juu la damu. Walipoanza kufuatiliwa walikuwa hai, wakitibiwa. Kwa hiyo daktari wa hospitali ya Nyakahanga akikuambia moyo wa mama umeshindwa, muulize dawa.