Orodha ya vipande vya kompyuta ya michezo, na bei ya koltani ya mwaka 2000

NIANIA, Mambasa – Hapa Niania, kwenye njia panda ya barabara ya taifa nambari 4 na ile inayokwenda Wamba na Isiro, kijana anayetaka kuongezea nguvu kompyuta yake ya michezo anaanza na karatasi. Anaandika vipande: kadi ya michoro, prosesa, kumbukumbu ya RAM, diski ya SSD, kisanduku cha umeme. Pembeni ya kila kipande anaweka bei ya Bunia, ya Butembo au ya Kampala. Akishajumlisha dola, anafuta mistari miwili au mitatu na kuanza upya.

Orodha kama hiyo inaandikwa pia Tokyo, Paris na Chicago. Lakini kwetu ina historia yake, kwa sababu ndani ya vipande hivyo kuna madini yanayochimbwa mashariki mwa Kongo: koltani, kasiterite, wolframite na dhahabu. Wapo wanaosema kwamba mashine za michezo ndizo zilizotuletea vita. Maneno hayo yanasikika mpaka leo kwenye mazungumzo yetu. Tukifuata tarehe moja baada ya nyingine, tutaona kwamba mambo hayakwenda hivyo, na kwamba yaliyotokea kweli yanastahili kukumbukwa vizuri zaidi.

Mashine ya kufungua na kubadilisha

Agosti 1981, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ambayo ndani yake kulikuwa na nafasi za kuchomeka kadi. Kampuni nyingine zikaweza kutengeneza kadi za kuingia humo, na baadaye kompyuta nzima za namna hiyo. Hilo lilisaidia kueneza desturi ya mtu kununua kipande kimoja kimoja badala ya kutupa mashine yote.

Michezo ndiyo iliyoharakisha desturi hiyo. Doom ilitoka mwaka 1993, Quake ikafuata 1996, na mwaka huohuo kampuni ya 3dfx ikaanza kuuza kadi ya Voodoo, iliyofanya kazi ya kuchora picha za michezo tu. Mwaka 1999 Nvidia ilitoa GeForce 256. Tangu hapo wachezaji wa nchi tajiri walizoea kubadilisha kadi kila baada ya miaka michache, kwa kuwa kila mchezo mpya ulidai nguvu kuliko uliotangulia.

Madini yaliyomo

Ukifungua kadi ya michoro utaona vijipande vidogo vingi kandokando ya kile kikubwa cha katikati. Sehemu yake ni kapasita. Kazi ya kapasita ni kuweka akiba ndogo ya umeme na kuitoa haraka. Picha inapobadilika ghafla kwenye mchezo, prosesa ya kadi inadai umeme mwingi kwa mara moja. Bila akiba hiyo, mashine inazimika au inaganda.

Tantali, chuma kinachotoka kwenye koltani, inafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu punje ndogo yake inaweza kubeba akiba kubwa bila kuchukua nafasi. Ekeberg, mwanakemia wa Sweden, aliigundua mwaka 1802, lakini ni vifaa vidogo vya elektroniki vilivyoifanya itafutwe kila mahali. Si kapasita zote zina tantali. Nyingi ni za alumini au za kauri. Hata hivyo, Septemba 2020, kadi mpya za RTX 3080 zilipoanza kuzimika katikati ya mchezo, wachezaji wa dunia nzima walibishana juu ya kapasita zinazoitwa POSCAP. Hilo ni jina la kapasita za tantali za kampuni ya Panasonic. Wengi waliolitamka hawakujua kwamba walikuwa wakizungumzia mawe meusi na mazito kama yale yanayooshwa kwenye vijito vya Kongo.

Bati, linalotoka kwenye kasiterite, ndilo linalounganisha vipande na ubao mama. Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kukataza risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki, na tangu hapo sehemu kubwa ya dawa ya kulehemu ni bati. Dhahabu inapakwa mahali kadi inapogusana na ubao, kwa sababu haishiki kutu. Nayo wolframite inatoa chuma kinachotumika ndani ya chipu zenyewe.

Mwaka ambao bei ilipanda

PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000. Septemba ya mwaka huo, Sony ilitangaza kwamba Marekani ingepokea mashine laki tano siku ya kwanza, badala ya milioni moja iliyokuwa imeahidiwa, kwa sababu ya upungufu wa vipande. Wakati huohuo, simu za mkononi na kompyuta zilikuwa zikitengenezwa kwa wingi usio wa kawaida, na viwanda vyote vilitaka tantali.

Australia ndiyo iliyokuwa ikitoa tantali nyingi zaidi wakati ule, na sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa mikataba ya miaka mingi. Waliobaki bila mkataba waligombania kidogo kilichokuwepo. Tantali iliyokuwa ikiuzwa dola 30 hadi 40 kwa ratili, yaani karibu nusu kilo, ilivuka dola 200 kabla mwaka haujaisha. Baadaye ikajulikana kwamba baadhi ya wanunuzi walikuwa wakijaza maghala kwa hofu tu. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na kufikia mwisho wake ilikuwa imerudi karibu na pale ilipoanzia.

Kwa hiyo mashine ya Sony ilikuwa mteja mmojawapo kati ya wengi. Na vita vya pili vya Kongo vilianza tarehe 2 Agosti 1998, mwaka mmoja na nusu kabla mashine hiyo haijaingia dukani. Mapigano ya Ituri yalianza 1999, na chanzo chake kilikuwa ugomvi wa mashamba uliochochewa na wakubwa wenye silaha. Mchezo wa video haukuleta vita. Ila bei ilipopanda, iliwakuta watu wenye bunduki wakiwa tayari wamekaa juu ya madini.

Huku msituni

Tarehe 12 Aprili 2001, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti juu ya uporaji wa mali ya Kongo. Walikadiria kwamba jeshi la Rwanda lingeweza kuwa limepata angalau dola milioni 250 kutokana na koltani kwa muda wa miezi 18. Kivu ndiyo iliyotajwa zaidi. Novemba 2000, waasi wa RCD-Goma walikuwa wameipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kuuza koltani nje kutoka eneo lao.

Kwetu, upande wa Uganda na makundi yaliyoungwa mkono nayo, msitu nao haukusalimika. Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa 1992 ikiwa na karibu kilomita za mraba 13,700, ilikuwa tayari kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Bei ilipopanda, wachimbaji wa koltani waliingia humo. Mchimbaji anahitaji kula, na ndani ya msitu hakuna soko la mihogo wala la maharagwe. Nyama ya porini ndiyo iliyowalisha. Wambuti, ambao msitu ndio ghala lao, waliona wanyama wakipungua, na baadhi yao wakageuka wawindaji na wabebaji wa mizigo wa wageni hao.

Kisha bei ikaanguka. Huko ng'ambo, kuanguka kwa bei kulimaanisha kwamba hesabu za viwanda zimerudi sawa. Huku, wenye silaha hawakuondoka. Oktoba 2002, wanajeshi wa MLC ya Jean-Pierre Bemba na wa RCD-N ya Roger Lumbala walishuka kuelekea Mambasa na Beni, wakipigana na RCD-ML ya Mbusa Nyamwisi. Operesheni hiyo ilipewa jina la Kifaransa lenye maana ya kufuta ubao. Watu waliuawa, wanawake walibakwa, nyumba ziliporwa, na Wambuti waliteswa kwa namna ambayo wakaaji wa barabara hii hawajaisahau. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliandika hayo, na ukaeleza kwamba kugombania utajiri wa eneo hili kulikuwa na nafasi yake katika vita hivyo. Koltani ilikuwa imeshuka bei, lakini dhahabu, almasi na mbao zilikuwa bado zinalipa.

Miaka kumi baadaye, Juni 2012, kundi la Morgan lilishambulia Epulu, makao makuu ya hifadhi. Watu waliuawa, wakiwemo walinzi, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale walikufa. Kundi hilo liliishi kwa pembe za ndovu na kwa dhahabu iliyonyang'anywa wachimbaji.

Sheria za mbali

Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria inayozitaka kampuni kubwa zieleze kama madini yao manne, yaani bati, tantali, tungsteni na dhahabu, yanatoka Kongo au kwa majirani zake. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu mbili na Maniema. Katazo hilo liliondolewa Machi 2011. Januari 2014, Intel ilitangaza kwamba prosesa zake mpya hazina madini yanayolisha makundi yenye silaha. Tangu 2021 Umoja wa Ulaya nao una sheria yake.

Sheria hizo zilisaidia mahali fulani. Magunia ya koltani na kasiterite yalianza kufungwa lebo, na gunia lisilo na lebo likapoteza bei. Lakini wachimbaji wengi walihamia kwenye dhahabu, ambayo haihitaji gunia: inaingia mfukoni na kuvuka mpaka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara nyingi kwamba dhahabu ya Ituri inapitia Uganda na kufika Dubai. Nayo koltani haijatulia. Mwaka 2024, waasi wa M23 waliteka Rubaya, huko Masisi, moja ya machimbo makubwa ya koltani duniani.

Turudi kwenye karatasi

Vipande vinavyouzwa Bunia na Butembo vinakuja kutoka China na Dubai, vinapitia Mombasa na Kampala. Ni njia ileile ya dhahabu, ila kwa kurudi. Kila mpaka na kila kizuizi kinaongeza kitu juu ya bei, na mtu wa Niania analipa zaidi ya mtu wa Kampala kwa kipande kilekile. Dunia inapopata njaa ya vipande, sisi tunaisikia mara mbili. Ilikuwa hivyo 2020 na 2021, kadi za michoro zilipoadimika kwa sababu ya korona na wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Ikawa hivyo tena mwisho wa 2025, RAM ilipopanda bei kwa sababu ya mashine za akili bandia.

Kwa hiyo anayepanga orodha yake hapa afanye hesabu ya umeme kwanza. Kompyuta inayokula wati 400 ikicheza saa nne inatumia wati-saa 1,600. Batri ya volti 12 na ampea-saa 200 inabeba 2,400, lakini batri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu. Kinachobaki ni 1,200. Kadi kama RTX 3080, yenyewe peke yake, inakula wati 320. Mara nyingi diski ya SSD na RAM ya kutosha vinafufua mashine ya zamani kwa gharama ndogo, bila kugusa paneli za jua. Baada ya hapo ndipo mtu aangalie kadi, na ahakikishe kwamba kisanduku cha umeme na ubao mama vinaikubali. Kipande cha zamani kisichomwe moto kutafuta dhahabu. Moshi wake una sumu, na dhahabu yenyewe ni kidogo mno. Kiuzwe kwa mwenye mashine iliyo dhaifu zaidi.

Kipande kinachodumu miaka kumi ni kipande ambacho hakikuchimbwa mara mbili. Kijana mmoja wa Niania hawezi kugeuza bei ya dunia kwa kufuta mstari mmoja kwenye karatasi. Lakini historia ya 2000 inatuonyesha kwamba bei inaweza kupanda na kushuka ndani ya miezi 18, wakati vijiji, wanyama na familia vilivyovunjika katika miezi hiyo bado havijarudi.

Tarehe za Sony na za Nvidia zimeandikwa kila mahali. Tarehe za mashimo ya msitu wetu ziko vichwani mwa watu wanaozeeka. Waliochimba, waliobeba mizigo, waliouza chakula kwenye machimbo au waliokimbia mwaka 2002 tunawaomba watusimulie: ni mwezi gani wanunuzi wa koltani walifika, walilipa ngapi kwa kilo, na ni siku gani waliacha kuja. Tutayaandika hapa, kila mmoja kwa jina au bila jina, kama atakavyotaka mwenyewe.