Utepe wa Aluminiamu na Maboksi ya Free Area

Kwa miongo mingi, boksi la spika lililoundwa na fundi wa mtaani hapa Free Area, Nakuru, halikuhitaji twita, na bei haikuwa sababu pekee. Redio ya taifa, Sauti ya Kenya, ilisikika kwa masafa ya kati, na matangazo ya aina hiyo hubeba sauti hadi takriban hezi 5,000 tu. Mlio wa matoazi, mchakacho wa kayamba na ncha kali ya gitaa la solo viliachwa njiani kabla ya kufika nyumbani. Spika moja ya karatasi ya inchi sita au nane, ikikazwa kwenye plaiwudi, ilitosha kutoa kila kilichokuwa kimebaki.

Santuri zilikuwa na zaidi ya hayo. Chandarana kule Kericho walirekodi benga, na benga husimama juu ya gitaa la solo linalopanda hadi likapita sauti ya mwimbaji. Kilichokuwa ndani ya mifereji ya sahani ile ni kingi kuliko kilichowahi kutoka kwenye redio za wasikilizaji wetu. Ni hasara ambayo haijasemwa vya kutosha tunapoisifu miaka ile ya dhahabu: waliocheza muziki huo kwa miaka mingi waliusikia nusu.

Mambo yaligeuka 1996, Capital FM ilipoanza kurusha matangazo Nairobi. Kameme ikafuata mwaka 2000 na Kass 2005. FM hufika hadi hezi 15,000, na kaseti safi au CD haikuwa nyuma. Sasa boksi likahitaji tundu la pili, dogo, juu ya lile kubwa.

Lililojaza tundu hilo ni twita ya piezo, ambayo Motorola waliieneza duniani kuanzia miaka ya 1970. Ndani yake hamna koili wala sumaku, ila kisahani cha seramiki kinachopindika kikipata umeme. Umeme wa besi haupiti kwa urahisi, kwa hivyo fundi huunga nyaya mbili moja kwa moja, bila kapasita, na kazi imekwisha. Haiungui ovyo, nayo ni rahisi. Ndiyo maana imekaa kwenye matatu, kwenye vilabu na kwenye maboksi ya harusi. Naiheshimu kwa kazi iliyofanya. Lakini herufi S inapotoka ndani yake, inakata sikio, na matoazi yote hulia namna moja.

Kuna njia nyingine ya kutoa sauti nyembamba, na ina miaka mingi kuliko piezo. Mwaka 1924 Wajerumani wawili wa kampuni ya Siemens, Walter Schottky na Erwin Gerlach, walining'iniza utepe wa aluminiamu katikati ya ncha za sumaku. Sauti ikiutikisa utepe, umeme mdogo unazaliwa, na hiyo ni maikrofoni. Umeme ukipitishwa kwenye utepe, unatikisika na kusukuma hewa, na hiyo ni spika. Utepe wenyewe huwa na unene wa maikroni chache, umekunjwa marinda ili unyumbuke bila kukatika. Hauna koni ya kubeba wala koili iliyogundishwa nyuma. Kinachopokea umeme ndicho kinachogusa hewa, kwa hivyo huanza na kusimama papo hapo.

Mwaka uliofuata, Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walieleza spika yao ya koili na koni, na hiyo ndiyo iliyotawala dunia. Kushindwa kwa utepe kulitokana na sumaku. Ncha zake lazima ziachane kwa upana wa utepe mzima, na katika pengo hilo nguvu ya sumaku hupungua vibaya. Chuma cha enzi hizo hakikuweza kulijaza.

Utepe ukapata riziki upande wa pili wa waya. RCA walitoa maikrofoni za utepe mwanzoni mwa miaka ya 1930, na 1934 BBC na Marconi wakaunda yao. Walowezi wa Bonde la Ufa waliosikiliza London kwa redio za valvu walikuwa wakisikia sauti zilizopita kwenye utepe wa aluminiamu, ingawa spika iliyowafikishia ilikuwa ya koni.

Wachache hawakukata tamaa. Peter Walker, aliyeanzisha Quad, alitoa spika ya utepe ya kusimama kwenye kona mwaka 1949. Stanley Kelly naye aliuza twita ya utepe miaka ya 1950. Zote zilikuwa na sumaku nzito na bei ya tajiri. Mkombozi alikuja 1983, sumaku ya neodimiamu ilipotangazwa na Sumitomo ya Japani na General Motors ya Marekani. Kipande kinachoshikika vidoleni kilifanya kazi ya tofali la chuma. Leo RAAL wa Serbia hutengeneza zile za gharama kubwa, na Fountek na Aurum Cantus wa Uchina zile ambazo fundi anaweza kuziwazia.

Je, zinafaa Free Area? Kwa nyumba nyingi za mtaa huu, jibu langu ni ndiyo. Chumba cha futi kumi kwa kumi, sakafu ya saruji na mabati juu, hurudisha sauti nyembamba kutoka kila upande. Utepe mrefu uliosimama wima hutawanya sauti kushoto na kulia, lakini huitupa kidogo sana juu na chini. Mabati na saruji hupata kidogo cha kurudisha. Sharti ni kuuweka usawa wa sikio la aliyeketi.

Adui ni vumbi, hasa lile la grainda. Penye mchomeleaji vyuma jirani, unga wa chuma huruka, na sumaku ya neodimiamu huuvuta hadi ukaziba pengo na kukwaruza utepe. Boksi lifungwe mahali safi, na mbele pawekwe kitambaa chepesi. Na mtu asijaribu kulisafisha kwa blowa, kwani pumzi moja ya kompresa hukata utepe.

La pili ni umeme. Utepe wa sentimita kumi haufikishi hata sehemu ya kumi ya omu, kwa hivyo twita hizi huja na transfoma ndani. Ukiipima kwa mita, itasoma karibu sifuri na utadhani imepiga shoti. Si mbovu. Lakini ukiiunga kwenye amplifaya bila kapasita, besi itaiona kama shoti kweli na amplifaya inaweza kuungua. Mazoea ya piezo hapa ni hatari. Kwa twita ya omu 8 inayoanzia hezi 3,500, weka kapasita ya maikrofaradi 4 mfululizo, kisha koili ya milihenri 0.5 sambamba na twita. Kapasita isiyo na chanya na hasi, kama ile ya feni ya dari, inafaa sana, na mbili za maikrofaradi 2 zikiungwa sambamba hutoa hesabu kamili.

Anayeogopa transfoma achague twita ya utando, ambayo aluminiamu yake imebandikwa juu ya plastiki nyembamba. Au ile ya Oskar Heil, iliyouzwa na ESS ya California kuanzia 1973: utando wake umekunjwa mikunjo inayobanana na kukamua hewa itoke kwa kasi kuliko mwendo wa utando wenyewe. Zote mbili huvumilia zaidi, na kwa fundi anayeanza ningezitanguliza.

Chini ya twita ya utepe usiweke spika ya inchi kumi. Utepe mdogo haushuki chini ya hezi 3,000, na koni kubwa ikifika huko sauti yake huwa imeshajikusanya katikati. Inchi tano au sita na nusu zinatosha. Kwa kanisa lenye watu mia tatu au kwa uwanja wa harusi, baki na honi, maana utepe haukuumbwa kupigia umati kelele.