Nani Aitikie? Neptune Frost na Hadhira ya Ifakara

Katika mijadala yetu kuhusu filamu kuna dai linalorudiwa mpaka limekuwa kama kanuni: kwamba filamu ya nyimbo yenye ufundi mzito, isiyonyoosha kisa, ni ya wasomi na wageni wa matamasha, na kwamba mtazamaji wa kawaida huikataa kwa kuwa hana elimu ya kuisoma. Nalipinga dai hilo kwa sababu niliyoyaona Ifakara yalikuwa kinyume chake kabisa. Aliyeshindwa kuikuta hadithi ni mwenye shahada. Aliyeikuta ni mama lishe.

Filamu yenyewe ni Neptune Frost, iliyoongozwa na Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, akishirikiana na Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cannes mwaka 2021. Ilirekodiwa Rwanda, ingawa kisa chake kimewekwa Burundi, na miongoni mwa wasanii wake wamo Warundi waliokimbia machafuko ya 2015. Matalusa, mchimba koltani, anampoteza ndugu yake Tekno mgodini kwa pigo la mlinzi. Neptune, huntha aliyekimbia kwao, anaigizwa na watu wawili, Elvis Ngabo na Cheryl Isheja. Njia zao zinakutana katika kambi ya wadukuzi, penye mavazi na mapambo aliyoyabuni Cedric Mizero kwa nyaya na mabaki ya kompyuta. Wanasema na kuimba kwa Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Tangu itoke imegawa watu: wapo wanaoiona kama ufunuo, na wapo wanaoiona kama video ndefu ya muziki iliyokosa kisa.

Kuhusu mapenzi ya Watanzania kwa filamu za nyimbo hakuna ubishi mkubwa. Laura Fair, katika Reel Pleasures (2018), ameonyesha jinsi filamu za Kihindi, Awara ya mwaka 1951 ikiwa mfano mkuu, zilivyojaza majumba ya sinema na kuzua mazungumzo ya mapenzi na wajibu baina ya vijana na wazazi wao. Ubishi unaanza tunapofika kwa mtafsiri wa kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video. Matthias Krings, katika makala yake kuhusu watafsiri wa muvi akina Lufufu, alitumia mfano wa wali unaogeuzwa kuwa pilau: filamu ya kigeni ni wali mweupe, na sauti ya mtafsiri ndiyo viungo. Mfano huo ni mtamu, hasa kwetu katika bonde la mpunga, lakini unachukulia kwamba kilichomo sufuriani kila mara ni wali mweupe. Je, mtafsiri akikabidhiwa pilau tayari?

Tuliitazama Neptune Frost uani, mtaa wa Kibaoni, Ifakara, kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe. Walikuwepo walimu wenzangu, mafundi simu, wakulima waliokuwa wametoka mashambani, vijana wa jirani, na mama lishe mmoja aliyekuja na ndoo yake ya vyombo. Kwa kuwa maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, nilimwomba kijana anayetafsiri muvi kibandani atusaidie. Penye mazungumzo alifanya kazi nzuri. Ulipoingia wimbo alifanya kama alivyozoea kwenye muvi za Kihindi: alipunguza sauti, akatumia nafasi hiyo kutukumbusha yaliyopita na kudokeza yajayo. Baada ya nusu saa hivi akawa hana la kukumbusha. Yaliyopita yote yalipita ndani ya nyimbo, naye alikuwa amezifunika.

Hapo ndipo uani ulipogawanyika. Walimu wakaanza kuulizana kisa kiko wapi. Mmoja, mtu wa fasihi kama mimi, alisema hii si filamu bali ni maonyesho ya mavazi. Kutoka nyuma mama lishe akamwambia mtafsiri, "Mwanangu, hebu nyamaza kidogo, tuwasikie wenyewe." Sauti ikapandishwa. Nikairudisha filamu hadi pale wachimbaji wanapopiga ngoma mgodini baada ya kifo cha Tekno. Mama akaigeuza ndoo, akaipiga. Wakulima wawili wakaitikia kwa makofi, si kwa kufuata mdundo ulio kwenye shuka bali kwa kujaza nafasi ulizoziacha, kama watu wanavyofanya penye ngoma ya sangula. Mwisho nilipowauliza wameona nini, yeye alijibu bila kusita: "Kijana kafiwa, hakupewa nafasi ya kulia. Basi kazunguka dunia nzima anatafuta watu wa kulia naye." Sijasoma maelezo mafupi ya filamu hii yanayoukaribia usahihi wa hayo.

Maelezo yangu ni haya. Kuna wimbo wa burudani, ambao kisa husimama kuupisha, na kuna wimbo wa ngano, ambao ukirukwa kisa kinakufa. Ndege anayefichua mauaji katika ngano zetu hafichui kwa kusema. Anaimba, na hadhira inamwitikia, na ukweli unatoka katikati ya sauti yake na zao. Aliyelelewa na wimbo wa kwanza pekee, hata awe na shahada ngapi, huusubiri wimbo upite ili kisa kiendelee. Aliyelelewa na wa pili husogea karibu wimbo unapoanza.

Wapo watakaonijibu kwa Mulokozi. Katika "Tanzu za Fasihi Simulizi" (Mulika, 1989) alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio lenye fanani na hadhira, na wafuasi wake wengi wamehitimisha kwamba filamu, ikiwa imekwisha kurekodiwa, haina nafasi ya hadhira kutenda. Naona wamemsoma kwa haraka. Kinachofanya tukio ni hadhira kujitwalia zamu yake, na ndoo iliyogeuzwa ilikuwa zamu. Wala mtindo huu mzito haukuletwa na matamasha ya Ulaya: Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982) inasimama juu ya nguzo ya mfano na Bi Msimulizi, na hatujamsikia mtu akisema inahitaji hadhira ya Paris.

Nakiri ulikuwa usiku mmoja na watu wachache. Nakiri pia kwamba mzee mmoja aliondoka kwa sababu ya Neptune, na sababu yake haikuhusu muziki hata kidogo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba katika nusu ya pili, nyimbo za wadukuzi zilipoelemea Kiingereza, ndoo ilinyamaza. Wengine watasema basi tatizo ni lugha. Sidhani. Kirundi cha mgodini hakuna aliyekijua, na bado walikiitikia. Nyimbo zile za kambini zinamkabili mtazamaji na kumtangazia. Haziachi pengo la kiitikio. Hapo kosa ni la filamu, na wanaoilaumu wangekuwa na haki kama wangelaumu hilo.

Nathubutu basi kusema kwamba filamu ya nyimbo ya Afrika Mashariki itazaliwa vibandani kabla ya kuzaliwa studio, na kwamba mkunga wake atakuwa mtafsiri atakayejua wapi pa kunyamaza. Yule kijana alirudi kwangu baada ya wiki akiomba filamu kwenye flashi. Nilimpa pamoja na maelezo yangu ya kila wimbo, kurasa kadhaa. Maelezo aliyaacha mezani. Aliniuliza tu, "Mwalimu, nitajie dakika za zile ngoma. Nataka siku hiyo mama akae mbele."