Koneksheni za makarani

Leo tuongee kuhusu koneksheni. Ndiyo, neno lile lile analolitaja kila kijana akikosa kazi: "Mimi sina koneksheni." Wenye semina zao hotelini wanaliita mtandao wa kikazi. Unakwenda, mnabadilishana kadi na namba za simu, jioni unarudi nyumbani una majina arobaini mapya kwenye LinkedIn, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye unaweza kumpigia simu ukiugua.

Tunaongea kana kwamba jambo hili limekuja na intaneti. Hapana. Babu zetu walilifanya kwa treni, posta na mpira wa miguu. Na ukilichunguza vizuri utaona lilivyowafikisha mbali, halafu utaona pia mahali lilipokwama.

Turudi Tanga, mwaka 1922. Waingereza wana miaka michache tu tangu wamwondoe Mjerumani. Ofisi zao haziendi bila watu wa kusoma, kuandika, kutafsiri na kutunza mafaili. Hao ndio makarani: Waafrika wachache, wenye mshahara wa uhakika na shati safi, lakini juu yao kuna ukuta ambao hawaruhusiwi kuupita hata wawe hodari vipi.

Mmoja wao alikuwa Martin Kayamba. Alisoma Kiungani, Unguja, akafanya kazi Kenya na Uganda kabla ya kuajiriwa na serikali pale Tanga. Mwaka huo wa 1922 akaanzisha chama cha Waafrika walioajiriwa serikalini. Kayamba hakuwa mwanamapinduzi, tusimpambe. Alikuwa mtu wa serikali, na mwaka 1931 alikuwa mmoja wa Waafrika watatu kutoka Tanganyika waliokwenda London kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Lakini alichokianzisha Tanga kilikuwa kitu kipya.

Sasa, walikuwa wanafanya nini hasa? Walisoma magazeti pamoja. Walicheza mpira. Walikaa na kuongea. Unaweza kucheka, lakini angalia nani walikuwa wamekaa pale: Waislamu waliosomea shule za serikali ya Mjerumani pamoja na Wakristo wa misheni, watu wa makabila tofauti, wakizungumza Kiswahili. Nje ya ofisi hawakuwa na sababu kubwa ya kukutana. Chama kikawapa sababu.

Halafu kulikuwa na jambo moja ambalo serikali yenyewe iliwasaidia bila kukusudia: uhamisho. Karani wa serikali hakai mahali pamoja. Leo yuko Tanga, mwakani Dodoma, kisha Tabora au Bukoba. Kila alipohamishwa alikwenda na tabia ile ile ya kutafuta wenzake na kukaa nao. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, barua zilikuwa zinakwenda, na kuanzia 1923 kulikuwa na Mambo Leo, gazeti la serikali la Kiswahili, ambamo msomaji wa Mwanza aliweza kujua mawazo ya mwenzake wa Lindi ambaye hajawahi kumwona. Kama unataka kujua mtandao wa kijamii wa wakati ule ulikuwaje, ndio huo.

Mwaka 1929, Dar es Salaam, kikaanzishwa chama kipana zaidi, African Association, rais wake Cecil Matola na katibu wake Kleist Sykes. Hiki hakikufungiwa waajiriwa wa serikali peke yao. Walijenga nyumba yao New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Kumbukeni hiyo nyumba. Matawi yakaota bara, na Zanzibar nako wakawa na chama chao mwaka 1934. Mwaka 1948 chama cha bara kikawa TAA.

Ndiyo maana Julius Nyerere, aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na kufundisha Pugu, hakuanza na karatasi tupu. Alikuta chama, nyumba, matawi na watu wanaojuana. Yeye mwenyewe alikuwa ameshashiriki TAA alipokuwa mwalimu Tabora. Mohamed Said, katika kitabu chake cha maisha ya Abdulwahid Sykes kilichotoka 1998, ameeleza jinsi Kasella Bantu alivyompeleka Nyerere nyumbani kwa Abdulwahid, mtoto wa yule yule Kleist. Mtu mmoja anamshika mwenzake mkono, anampeleka kwa mtu wa tatu. Aprili 1953 Nyerere akachaguliwa rais wa TAA.

Sasa hapa ndipo penye utamu, na penye uchungu.

Mwaka huo huo wa 1953 serikali ikatoa waraka: mtumishi wa serikali haruhusiwi kuwa mwanachama wa chama cha siasa. Fikiria. Mtandao uliojengwa miaka thelathini, uti wa mgongo wake ni makarani, na mwajiri wa makarani ni mmoja. Akiandika karatasi moja tu, nusu ya watu wako wanalazimika kuchagua kati ya chama na mshahara unaolisha watoto. Nyerere mwenyewe, ambaye hakuwa karani bali mwalimu wa shule ya misheni, ilibidi aache kazi mwaka 1955.

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, katika nyumba ile ya New Street. Lakini chama cha wasomi peke yao kingeweza kukusanya watu wangapi? Mfanyabiashara kama John Rupia aliweza kusaidia kwa sababu hakuwa anaogopa waraka wa mtu. Na mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipowatembelea akauliza swali rahisi: wanawake wenu wako wapi?

Jibu likawa Bibi Titi Mohamed. Hakuwa karani, hakupita Makerere. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam vilikuwa na viongozi wao, michango yao na taratibu za kualikana, na havikuuliza kabila la mtu. Alichokifanya Bibi Titi, kama alivyomsimulia Susan Geiger miaka mingi baadaye, ni kwenda kwa viongozi wa vikundi hivyo, nao wakaleta watu wao. Katika miezi michache wanawake waliojiunga walihesabika kwa maelfu. Kilichowashinda makarani kwa miaka mingi, ngoma ilikifanya kabla ya mwaka kwisha.

Ndege wafananao huruka pamoja, sawa. Ila nao huanguka pamoja mawe yakirushwa upande mmoja.

Mimi sisemi makarani walikosea. Bila chai na magazeti ya Tanga pengine tusingekuwa na nyumba ya New Street. Ninachosema ni kwamba walipata nguvu walipokaa pamoja mara kwa mara na kuchangia kitu kimoja, na walikwama pale ambapo kila mtu wanayemjua alikuwa na elimu kama yao na bosi kama wao.

Basi fungua simu yako sasa hivi, angalia majina. Wangapi wamesoma chuo chako? Wangapi wanafanya kazi kama yako? Na je, bosi wenu akitoa waraka kesho asubuhi, utabaki na namba ya nani ya kupiga?

Tafakari, halafu umpigie mmoja umsalimie tu, bila kumwomba kitu.