Panga la Helikopta ya Visiwani
Sikorsky S-61N, Visiwa vya Scilly, 1964–2012

Panga hili ni la helikopta aina ya Sikorsky S-61N, iliyobuniwa Marekani. Kila helikopta ilikuwa na mapanga matano juu yake, yaliyozunguka katika duara lenye upana wa takriban mita 19. Tumbo lake liliundwa kama mashua, ili iweze kuelea ikilazimika kutua majini.

Kuanzia mwaka 1964, helikopta za aina hii zilivusha abiria na mizigo kati ya Penzance, kusini-magharibi mwa Uingereza, na Visiwa vya Scilly. Safari ilichukua kama dakika 20. Huduma hiyo ilikoma mwaka 2012.

Tazama shina la panga. Mhimili wake wa alumini una uwazi ndani, uliojazwa gesi ya naitrojeni. Ufa ukitokea, gesi huvuja, shinikizo hushuka na kiashiria hubadilika rangi. Mafundi walikikagua kwa macho kabla helikopta haijaruka. Pia waliosha injini kwa maji baridi, kwa sababu chumvi ya bahari hula metali.

Panga linahifadhiwa kwa heshima ya mafundi hao. Usalama wa wakazi wa visiwa na wageni wao ulianzia mikononi mwao.