Kicheko cha Kashasha hakikuwa cha furaha

Kama wewe ni mpenzi wa podikasti, yaani vile vipindi vya sauti unavyopakua kwenye simu na kuvisikiliza ndani ya daladala huku foleni ikikutesa, basi ipo siku utakutana na Kagera. Hutakutana nayo kwenye kipindi cha kahawa wala cha vita dhidi ya Idi Amin. Utakutana nayo kwenye vipindi vya ubongo. Mtangazaji aliyeko Marekani au Uingereza anaeleza jinsi ubongo unavyofanya kazi, anagusa falsafa kidogo, anataja kitabu kimoja au viwili, halafu anasema: mwaka 1962, huko Tanganyika, wasichana watatu walianza kucheka, kicheko kikaenea hadi shule zikafungwa. Wenzake studio wanaangua kicheko. Msikilizaji naye anacheka. Kipindi kinaendelea.

Mimi hapo ndipo ninapokwama. Wanacheka nini hasa?

Hebu tuanze na kilichotokea, maana hadithi hii huongezewa chumvi kila inapopita. Wapo wanaoamini kuwa watu walicheka mfululizo, usiku na mchana, kwa mwaka mzima na zaidi. Si kweli, na wala haiwezekani. Taarifa ya msingi iliandikwa na madaktari wawili, A. M. Rankin wa Makerere na P. J. Philip aliyekuwa mganga wa wilaya Bukoba. Ilichapishwa mwaka 1963 katika jarida la Central African Journal of Medicine, na ina kurasa chache tu. Sehemu kubwa ya yale yanayosimuliwa duniani kuhusu kicheko cha Tanganyika chanzo chake ni kurasa hizo.

Ilikuwa tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya kati ya bweni ya wasichana iliyokuwa chini ya wamisionari, kijijini Kashasha. Leo Kashasha iko wilaya ya Muleba, lakini wakati ule eneo lote hilo lilihesabiwa ndani ya wilaya ya Bukoba. Wasichana watatu walianza. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekumbwa, karibu sita katika kila kumi. Walikuwa na umri wa miaka 12 hadi 18. Walimu, Wazungu na Waafrika, hakuna hata mmoja aliyepatwa.

Wasichana wakarudishwa makwao. Siku chache baadaye hali ileile ikaibuka Nshamba, nyumbani kwa baadhi yao, na kati ya Aprili na Mei watu 217 walikumbwa katika eneo lenye wakazi wapatao 10,000. Wengi walikuwa vijana na watoto wa shule. Kashasha ikafunguliwa tena tarehe 21 Mei. Wasichana 57 wakapatwa, na mwishoni mwa Juni ikafungwa kwa mara ya pili. Mwezi huohuo wa Juni, shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, nayo ilipata wagonjwa 48 kati ya wanafunzi 154. Baadhi ya wasichana wa Kashasha walikuwa wanaishi jirani na hapo. Kufikia mwisho wa mkasa mzima, hesabu inayotajwa mara nyingi ni shule 14 kufungwa na watu wapatao 1,000 kuugua.

Sasa ndugu msomaji, angalia dalili zenyewe. Mtu alishikwa ghafla. Alicheka, ndiyo, lakini pia alilia. Hakutulia, alikimbia huku na huko, na akizuiwa aliweza kupigana. Shambulio moja lilidumu dakika chache au saa kadhaa, likakoma, likarudi. Kwa wengine hali hiyo iliendelea hivyo kwa siku, muda mrefu kabisa ukiwa siku 16. Wapo waliowaambia madaktari kuwa vitu vinatembea kichwani mwao. Wapo waliosema wanaogopa, kuna mtu anawakimbiza.

Msichana wa miaka kumi na mitatu, yuko mbali na mama yake, anasema kuna mtu anamkimbiza. Hicho ndicho kichekesho?

Madaktari walifanya kazi yao. Walipima damu, walipima maji ya uti wa mgongo, walichunguza chakula ili kuona kama kuna sumu. Waliona mboni za macho zimepanuka kuliko kawaida, na viungo vinaruka kupita kiasi vikigongwa kwa kinyundo cha daktari. Homa hakuna. Vijidudu hakuna. Sumu hakuna. Wakahitimisha kuwa ni histeria ya umati.

Wananchi nao walikuwa na maelezo yao. Baadhi walisema hewa imeingia sumu kwa sababu ya majaribio ya mabomu ya atomiki. Ni rahisi kuwacheka wazee hao kwa kuwa sisi tumesoma. Lakini kumbuka kwamba Oktoba 1961, miezi mitatu tu kabla, Umoja wa Kisovieti ulikuwa umelipua angani bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa, na dunia nzima ilikuwa inazungumzia vumbi la sumu. Mtu wa Nshamba aliyeunganisha mambo hayo alikosea jibu, ila alikuwa anafuatilia habari.

Tena kuna jambo ambalo podikasti nyingi huliruka. Wenyeji waliupa mkasa huu majina kwa Kihaya. Waliuita endwara y'okusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, na pia akajanja, yaani wazimu. Umeona? Tangu mwanzo, watu walioishi nao hawakuuita kichekesho. Waliuita ugonjwa. Waliosafirisha habari hii nje ya nchi walilichukua neno kicheko, wakaliacha neno ugonjwa njiani.

Naam, sayansi ya ubongo inasemaje? Hapa ndipo vipindi na vitabu hivi vinapokuwa na faida ya kweli, kama msikilizaji atakuwa mvumilivu. Robert Provine, Mmarekani aliyechunguza ubongo na tabia, aliyefariki mwaka 2019, aliandika kitabu kuhusu kicheko kilichotoka mwaka 2000. Yeye na wanafunzi wake walikaa madukani na vyuoni wakisikiliza watu wa kawaida wanacheka nini. Waligundua kuwa vicheko vilivyofuata kitu kinachofanana na utani havikufika asilimia 20. Vingi vilifuata maneno ya kawaida tu, kama vile "haya, tutaonana". Aligundua pia kuwa mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Kwa maneno mengine, kicheko ni lugha ya kuishi pamoja kabla hakijawa jibu la utani.

Mwaka 2006 watafiti wa London, akiwemo Sophie Scott, walionyesha kuwa mtu akisikia tu sauti ya kicheko, sehemu ya ubongo inayoandaa misuli ya uso huanza kujiandaa, kama vile mwenyewe anataka kujiunga. Ndiyo maana ukisikia watu wanacheka chumba cha pili unatabasamu bila kujua kilichosemwa. Na madaktari wanawafahamu wagonjwa wa kiharusi wanaocheka au kulia bila kutaka, wakati moyoni hawana furaha wala huzuni. Kucheka ni kitendo cha mwili. Furaha ni kitu kingine. Mara nyingi huja pamoja, lakini si pacha.

Hata hivyo uambukizaji wa kicheko peke yake hautoshi kueleza Kashasha. Kicheko cha kuambukizana hukatika baada ya dakika chache, mbavu zikiuma. Hakimfanyi mtu akimbie, alie na kupigana, kisha kirudi kesho yake. Christian Hempelmann, mtaalamu wa lugha anayechunguza ucheshi, aliandika makala mwaka 2007 kusahihisha jambo hili hasa. Alisema kisa hiki kinatumika vibaya na watu wanaotaka kuonyesha nguvu ya ucheshi, wakati ucheshi haukuwemo kabisa. Kicheko kilikuwa dalili mojawapo ya watu waliozidiwa na msongo.

Daktari wa akili wa Uingereza Simon Wessely alikwishatofautisha, mwaka 1987, aina mbili za mikasa hii. Ipo ile ya ghafla: kundi limetulia, hofu inaingia, watu wanazimia au kuona kizunguzungu, na kesho yake wamepona. Na ipo ile ya viungo, ambapo mwili unatikisika, unakimbia, unacheka au unalia. Hii huja taratibu, huchukua wiki na miezi, na hutokea pale ambapo shinikizo lilikuwepo muda mrefu na watu hawana mlango wa kutokea. Soma tena tarehe za Kashasha: Januari hadi Machi, halafu tena Mei hadi Juni, mara tu shule ilipofunguliwa.

Shinikizo gani? Wengi hutaja Uhuru. Ni kweli kwamba tarehe 30 Januari 1962 Tanganyika ilikuwa na siku 52 tu tangu Uhuru, na siku nane tu tangu Nyerere ajiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa. Mtaalamu wa magonjwa ya akili kutoka Uganda, Benjamin Kagwa, aliandika mwaka 1964 kuhusu mikasa ya namna hii Afrika Mashariki, ukiwemo huu wa Uhaya na mwingine wa watu kukimbia ovyo kule Mbale, akaihusisha na mgongano wa mila za zamani na maisha mapya. Ni hoja nzito. Lakini mbona walimu, ambao nao walipata Uhuru siku ileile, hawakucheka? Mbona shule za bweni na vijana?

Waswahili walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawa walikuwa watoto wa Kihaya waliopata nafasi ambayo wasichana wachache sana wa wakati ule waliipata. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na ukoo mzima unaosubiri matokeo. Mbele yake kulikuwa na kengele, ratiba, mitihani na adhabu. Kwa nani angesema nimechoka, naogopa, nataka kurudi nyumbani? Mdomo ukifungwa, mwili hutafuta njia. Na tazama njia hiyo ilifika wapi: shule ilifungwa, wakarudi nyumbani. Sisemi walipanga. Naamini hakuna aliyepanga. Nasema mwili ulisema jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza.

Hapo ndipo penye pengo kubwa la historia hii. Taarifa ya 1963 imejaa vipimo. Tunajua mboni zao zilikuwaje, damu yao ilikuwaje. Maisha yao ya bwenini karibu hayamo. Kwa haki niseme kuwa wapo waliojaribu kuliziba. Mwaka 2008 kipindi cha Radiolab cha New York kilichozungumzia kicheko kilimtuma mtayarishaji wake, Ellen Horne, hadi Kagera kutafuta walioshuhudia. Heshima kwao. Alitoka New York akafika Kagera. Sisi tulioko Mwanza, Bukoba na Dar tunasubiri nini?

Na usidhani haya ni ya kale. Oktoba 2023, katika shule ya wasichana ya Eregi, Kakamega, Kenya, makumi ya wanafunzi walishindwa kutembea, miguu ikitetemeka. Vipimo havikuonyesha ugonjwa wa kuambukiza, na maofisa wa afya wakataja histeria. Mitandaoni hawakukosekana waliosema wasichana wanaigiza ili wapewe ruhusa ya kwenda nyumbani. Huku kwetu Tanzania, wasichana wakianguka shuleni neno linalowahi kufika ni mapepo. Unaitwa mchungaji, anaitwa shehe, na habari inaishia hapo. Kuigiza, mapepo, kichekesho: majibu matatu tofauti, yote yanatuondolea kazi ya kumuuliza mtoto.

Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alieleza kuwa ili mtu acheke lazima kwanza aweke huruma pembeni, walau kwa muda. Wengi hulichukua wazo hilo kuelezea vichekesho vya jukwaani. Mimi naona linawafaa zaidi wale wa studio wanaoangua kicheko wakisikia jina la Kashasha. Wasichana wale walicheka kwa kuzidiwa. Sisi tunacheka kwa sababu tuko mbali.

Aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1962 leo ameshapita miaka 75. Wapo, Muleba na Bukoba, wanapalilia migomba yao, wanakwenda kanisani, wanawalea wajukuu ambao huenda hawajawahi kusikia kuwa bibi yao yumo kwenye vitabu vya sayansi duniani. Simu yoyote ya mkononi leo inarekodi sauti safi kuliko redio ya enzi hizo. Anayetaka kuanzisha podikasti ya Kiswahili kuhusu ubongo, falsafa na vitabu hana haja ya kutafuta mfano ng'ambo. Aende, abishe hodi, aombe ridhaa, akae chini kwenye mkeka. Ila asianze kwa kumuuliza bibi kwa nini walicheka. Amuulize walikuwa wanaogopa nini.