Ligi ya Nauli: Historia ya Kandanda Taita Taveta

Ligi ya chini ya Taita Taveta huchezwa Jumamosi, lakini mara nyingi huamuliwa Alhamisi usiku, mweka hazina wa timu anapoitazama simu yake na kuhesabu michango ya nauli iliyoingia. Ikitosha matatu moja, timu inasafiri. Isipotosha, wapinzani hupewa ushindi wa mezani, na mtaani watu huambiwa kuwa mvua ilinyesha.

Ardhi yenyewe haisaidii. Kaunti hii ya Kenya ina zaidi ya kilomita za mraba 17,000, na husemwa kwamba asilimia 62 yake imo ndani ya mbuga za Tsavo. Watu wamebaki vilimani na kando ya barabara. Kutoka mji wa Voi hadi mji wa Taveta ni zaidi ya kilomita 100, nyingi zikiwa nyika ya tembo, kwa hiyo mechi ikichelewa kuanza, wageni huanza kutazama jua badala ya mpira. Tena Voi haifiki mita 600 kutoka usawa wa bahari, ilhali Wundanyi, kule vilimani, imepita 1,300. Kijana wa Voi aliyezoea joto na vumbi hupanda Wundanyi akakuta ukungu na baridi, na kufikia mapumziko kifua kinambana. Wa Wundanyi naye akishushwa Voi saa nane mchana, dakika ya sitini utamwona kaegemea mlingoti wa goli akiomba maji.

Mpira ulifuata kazi. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imeshapita Voi wakati simba wa Tsavo walipoanza kuwakamata makuli mwaka 1898. Mwaka 1915 Waingereza, wakitaka kuwafikia Wajerumani walioiteka Taveta mwaka uliotangulia, walijenga tawi la reli kutoka Voi kwenda Maktau, na vita viliposogea tawi nalo likasogea mpaka likaungana na reli ya Tanga na Moshi. Kisha mkonge ukatawala: Voi, Mwatate, na kule Taveta alikokuwa mlowezi Ewart Grogan. Stesheni na shambani kulikuwa na vijana waliolala kambi moja, waliopokea mshahara siku moja, na waliokuwa na kiwanja cha tambarare. Kilimani, mahali pa tambarare pakipatikana hupandwa mahindi.

Taveta ilikuwa na mkosi wake. Moshi, Tanzania, iko karibu nayo kuliko Voi, na kwa miguu ya mwanakandanda majirani wa kweli ni wale wa Holili, ng'ambo ya mpaka. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka huo ulifungwa hadi 1983. Hata ulipofunguliwa, ratiba ya ligi haijui Moshi. Timu ya Taveta lazima ielekee mashariki, ikapite mbuga, ndiyo ipate wa kucheza naye.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, na sifa za Pwani zikakusanywa na Mombasa: Feisal walikuwa mabingwa wa Kenya mwaka 1965. Taita ilipata waziri kabla ya kupata klabu ya kutajika. Dawson Mwanyumba alikuwa katika baraza la kwanza la mawaziri la Jomo Kenyatta, na uwanja wa Wundanyi unaitwa kwa jina lake. Voi ina Uwanja wa Moi. Majina makubwa, basi, yamo kwenye malango. Ndani, kwa miaka mingi, zilichezwa ligi za wilaya ambazo magazeti ya Nairobi hayakuwa na haja nazo.

Ngazi za kupanda ni nyingi kuliko watu wanavyodhani: kaunti ndogo, kaunti, mkoa, Divisheni ya Pili, ya Kwanza, Super League, ndipo Ligi Kuu. Kila unapopanda safari inarefuka, na timu mwenyeji inadaiwa ujira wa marefa, askari na ambulensi, hata kama nyavu zenyewe zimefungwa kwa kamba za mkonge na mistari imechorwa kwa majivu. Kukosa mechi si jambo la kuchezea. Novemba 2019 SoNy Sugar, waliowahi kuwa mabingwa wa Kenya, walifukuzwa Ligi Kuu kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Kama klabu ya kiwanda cha sukari ilikwama kwa nauli, sembuse ya wauza mboga na waendesha boda?

Ndiyo maana nawavulia kofia Mwatate United. Mji wao ni njiapanda: barabara moja inakwenda Taveta, nyingine inapanda Wundanyi, na pembeni kuna shamba la mkonge miongoni mwa makubwa ya Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 walikuwa Super League, ngazi moja tu chini ya Gor Mahia wa Ligi Kuu. Mechi zao zilikuwapo kwenye ratiba moja na za Shabana wa Kisii na Vihiga, yaani upande wa pili wa nchi.

Na hapo ndipo historia hii inapoharibika. Novemba 2021 Waziri wa Michezo wa wakati huo, Amina Mohamed, alilivunja shirikisho la kandanda la Kenya, FKF, na kuweka kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Ligi ziliendelea chini ya kamati, watu wakasafiri, wakafunga, wakavunjika miguu. Shirikisho liliporudi, msimu wa 2021/22 ulifutwa. APS Bomet na Fortune Sacco, waliokuwa wamepanda Ligi Kuu, wakaambiwa washuke. FIFA iliondoa kifungo Novemba 2022. Huko Norwei, ligi za chini hulala wakati wa theluji, na kila mchezaji anajua msimu utaanza tena majira ya kuchipua. Kwetu hakuna theluji. Msimu husimamishwa na watu waliokaa ofisini, na aliyechangia nauli ya Vihiga harudishiwi shilingi.

Katika miaka hiyohiyo Sofapaka wa Ligi Kuu, mabingwa wa Kenya wa 2009, walipanda Wundanyi kuchezea mechi zao za nyumbani katika uwanja wa Mwanyumba. Basi la Ligi Kuu likakunja kona za Mwatate, na angalau mara hiyo moja gharama ya safari ikawa ya wakubwa.

Ligi ya kaunti inaendelea, lakini ina mshindani ambaye haiwezi kumfukuza: kombe la mwanasiasa. Huko jezi ni bure, nauli imelipwa, na fainali huchezwa mbele ya spika kubwa na mgeni rasmi. Kwenye ligi mchezaji hujilipia. Mwaka wa uchaguzi timu huchipuka kila kijiji. Uchaguzi ukipita, mweka hazina anarudi kwenye simu yake kila Alhamisi, na majina kwenye orodha ya wachangiaji yamepungua.